Sanduku la Kadi Zilizolala

Fanuel Gisiri alikuwa Mkuria wa Ntimaru, karibu na mpaka wa Tanzania, mtoto wa boma la ng'ombe na mahindi, lakini sehemu kubwa ya utu uzima wake ilipita ndani ya chumba kimoja chenye madirisha mawili ya wavu, katika hospitali ya misheni upande wa Homa Bay. Chumba hicho ndicho kilikuwa stoo. Mlangoni palikuwa na kaunta ya mbao, nyuma ya kaunta rafu saba, na nyuma ya rafu mlango wa pili ambao ufunguo wake Gisiri aliuvaa shingoni kama watu wengine wanavyovaa rozari.

Alifika hapo mwaka 1976, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa kazi Migori mjini. Misheni ilikuwa inajenga wodi ya akina mama, naye akaandikwa kulinda saruji. Hakuna aliyemwambia ahesabu. Lakini siku ya tisa, bruda Mholanzi aliyesimamia ujenzi alikuta Gisiri ameandika ukutani kwa mkaa: mifuko iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na mmoja uliolowa. Bruda akaenda kuhesabu mwenyewe. Ikawa vile vile, pamoja na ule uliolowa. Wiki iliyofuata Gisiri alikuwa ndani ya stoo, na huko akabaki.

Bruda alimfundisha kazi ya kadi. Kila kitu, kuanzia pamba hadi kwinini, kilikuwa na kadi yake ya manila: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila baada ya miezi mitatu Gisiri alikaa na kadi zote, akajumlisha vilivyotoka, na jumla hiyo ndiyo iliyokuwa oda ya kwenda Nairobi. Kitu kilichotoka sana kiliagizwa sana. Kilichotoka kidogo kiliagizwa kidogo. Na kitu ambacho hakikutoka kwa miezi sita mfululizo, kadi yake iliondolewa kwenye rafu ikawekwa ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la sabuni.

"Hiyo imelala," Bruda alikuwa akisema. "Usiiamshe bila sababu."

Bruda alirudi kwao mwaka 1983. Sanduku lilibaki, na Gisiri aliendelea kuliita vile vile, sanduku la kadi zilizolala.

Katika miaka ishirini hakuna mkaguzi aliyekuta kadi yake imepishana na rafu hata kwa sindano moja. Jambo hilo lilijulikana hospitali nzima, na lilikuwa chanzo cha utani. Dishon, kliniko ofisa, yaani tabibu wa wodi ya watoto, Mjaluo wa Rangwe asiyeweza kupita mlango wa stoo bila kusema neno, alizoea kuegemea kaunta na kuuliza, "Omera, ndugu yangu Gisiri, hata ng'ombe za kwenu zina kadi?"

"Zina kadi," Gisiri angejibu bila kuinua kichwa.

"Na zile mlizotoa kwetu mkapeleka ng'ambo ya mpaka, mliziandika kwa upande wa zilizoingia ama zilizotoka?"

"Hizo ziliingia zenyewe. Zilikuwa zimechoka na omena, hao dagaa wenu."

Dishon angecheka mpaka manesi wachungulie dirishani. "Ndiyo maana misheni ilikupa stoo," angesema. "Stoo haitembei."

Tabia moja ya Gisiri inafaa kuelezwa hapa, kwa sababu yote yaliyotokea baadaye yalipitia hapo. Hakutupa karatasi. Wodi ilipotaka kitu, nesi alileta fomu mbili zilizosainiwa na daktari, moja nyeupe na moja ya pinki. Kitu kikiwepo, Gisiri alikitoa na kuandika kwenye kadi. Kisipokuwepo, alizigonga zote mbili muhuri wa HAKUNA, akamrudishia nesi ile nyeupe. Ile ya pinki hakuwa na pa kuiandika, kwa sababu kadi ilikuwa ya vitu vilivyotembea, na hapo hakuna kilichotembea. Basi aliikata vipande vinne kwa rula, akatumia upande wa nyuma kufanyia hesabu zake. Hesabu za kila robo mwaka alizifunga kwa uzi wa katani na kuziweka rafu ya juu. Mtu akimuuliza mwaka fulani alipataje oda ya katoni arobaini za glavu, aliweza kumshushia furushi na kumwonyesha kujumlisha kwenyewe.

Madaktari hawakufika stoo. Hakuna aliyewakataza. Desturi tu haikuwepo. Daktari aliandika, nesi alibeba, Gisiri alitoa au aligonga muhuri, na oda ilipokuwa tayari Sista Teresa, msimamizi wa hospitali, aliisaini. Kutoka wodi ya watoto hadi stoo ni hatua sitini na tatu. Gisiri alikuwa amezihesabu.

*

Daktari Shamima alikuja Agosti 1995, akiwa na miaka ishirini na saba, kwa mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja. Alikuwa mtoto wa Migori mjini, binti wa Faruk mwenye duka la misumari, mabati na makufuli karibu na stendi. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka kilichowafanya manesi wasahihishe chao mbele yake, na Kijaluo cha sokoni kilichowafanya akina mama wa Lambwe wacheke na kumpenda. Mwandiko wake ulikuwa wa haraka, ulioinamia kulia, na mwisho wa kila fomu alitia saini kwa herufi mbili zilizofungwa pamoja, S na F. Gisiri aliujua mwandiko kabla ya kuijua sura.

Mei 1996 mvua ya masika ilikuwa imekolea na malaria nayo. Wodi ya watoto yenye vitanda ishirini na vinne ilikuwa na watoto sitini. Jumatatu moja saa nne asubuhi mkulima mmoja kutoka bonde la Lambwe alifika na binti wa miaka miwili na nusu aliyekuwa mweupe viganjani kama karatasi. Malaria ilikuwa imemaliza damu. Kundi la damu la baba liliafikiana na la mtoto, akalala kwenye benchi la maabara, akatolewa, na mfuko ukatundikwa juu ya kitanda ndani ya nusu saa. Hadi hapo kila mtu alikuwa amefanya kazi yake vizuri.

Kilichokosekana ni sindano. Kwa mshipa wa mtoto wa namna hiyo hutumiwa sindano nyembamba yenye mabawa mawili ya plastiki, ambayo manesi huiita bataflai. Wodini hazikuwepo. Zilikuwepo sindano za watu wazima, tena nyingi. Daktari Shamima na Dishon walijaribu mkono wa kulia, wa kushoto, miguu yote miwili, kichwa. Mishipa ilipasuka mmoja baada ya mwingine. Mwisho daktari alipasua kifundo cha mguu kwa kisu akautafuta mshipa kwa macho, na akaupata, lakini saa moja na dakika kumi zilikuwa zimepita. Damu ilianza kushuka. Mtoto alifariki kabla mfuko haujapungua hata kiasi cha kikombe.

Yule baba hakupiga kelele. Aliuangalia mfuko, kisha akamuuliza Dishon kwa Kijaluo, "Damu yangu si hiyo inaning'inia? Ilikosa njia?"

Swali hilo lilizunguka hospitali nzima kabla ya saa sita. Na baada ya siku nne likarudi kwa maandishi, ndani ya barua ambayo katekista wa Lambwe alimwandikia Sista Teresa kwa niaba ya familia.

*

Sista Teresa alikuja stoo mwenyewe Jumanne iliyofuata. Alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka, aliyependa jambo liishe.

"Mzee Gisiri, Alhamisi kamati inakaa juu ya yule mtoto. Nataka kadi ya hizo sindano ndogo."

Gisiri aliitafuta kwenye rafu asiione. Kisha akakumbuka, akafungua sanduku la sabuni. Kadi ilikuwa humo. Zilizotoka mara ya mwisho: tarehe 14 Machi 1995. Zilizobaki: sifuri. Baada ya hapo mistari mitupu.

Sista aliishika mbali na macho, maana miwani aliiacha ofisini. "Kwa hiyo kwa mwaka mzima na zaidi hakuna mtu aliyetaka hizi."

"Kadi ndivyo inavyosema, Sista."

"Na daktari amekuwa hapa tangu Agosti. Malaria anaijua, watoto anawajua. Hakuomba." Alimrudishia kadi. "Mkataba wake unaisha miezi mitatu ijayo. Kamati itaniuliza kama nimpe mwingine. Uje nayo Alhamisi. Kadi zako hazibishaniwi."

Gisiri alifurahi, na baadaye hakuficha kwamba alifurahi. Kadi ilikuwa safi, jina lake lilikuwa safi. Alimhurumia yule daktari kijana, lakini kama mtu anavyomhurumia mwenzake aliyenyeshewa yeye akiwa ndani.

Mchana ule, kwa kuwa oda ya Julai ilikuwa inakaribia, alishusha furushi la hesabu za Januari ili alinganishe. Alikuwa anapitia kujumlisha kwa sindano kubwa. Zilikuwa zimepanda sana, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, naye aliongeza oda ipasavyo. Upepo wa dirishani ukakigeuza kipande kimoja. Kwa nyuma, mwandiko ulioinamia kulia: *…flai namba 23, hamsini. HARAKA TAFADHALI.* Nusu ya muhuri wake wa HAKUNA. S na F zilizofungwa pamoja.

Alikigeuza tena upande wa hesabu. Akakirudisha upande wa pili.

Kisha akaufunga mlango wa stoo mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mamake, akashusha mafurushi yote ya tangu Agosti, akaanza kugeuza vipande na kuviunganisha juu ya kaunta kama mtu anayepanga vigae. Ilimchukua hadi saa kumi. Fomu zilikuwa kumi na moja. Ya kwanza ya Septemba 1995, ya mwisho ya Februari. Zote za daktari mmoja, zote zimegongwa muhuri na mkono wake yeye Gisiri. Baada ya Februari, hakuna.

Akaona jinsi ilivyokuwa. Mwezi Machi wa mwaka uliopita bohari ya Nairobi ilileta pungufu, sindano zikaisha, na oda ya Aprili nayo ikaja bila hizo. Kwa kuwa zilikwisha, hazikutoka. Kwa kuwa hazikutoka, hakuagiza. Baada ya miezi sita aliilaza kadi, na tangu hapo kila fomu ilipokuja aligonga muhuri bila hata kutazama rafu, kwa sababu alijua. Wodi nayo ikakata tamaa, ikachukua zile kubwa. Na alipoona kubwa zinatoka, akaagiza kubwa zaidi. Hakukuwa na kosa la hesabu hata moja. Alikagua mara mbili.

*

Nyumba ya Gisiri ilikuwa ndani ya ua wa hospitali, vyumba viwili na jiko, ya misheni. Mkewe Jerusha alikuwa anapepeta wimbi nje alipomwona anakuja mapema na kifurushi kwapani.

"Baba Robi, unaumwa?"

"Siumwi."

Alimweleza yote, akiwa amekaa kwenye kigoda, kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe. Jerusha aliendelea kupepeta mpaka alipomaliza, kisha akaweka ungo chini.

"Hizo karatasi, nani mwingine anazo?"

"Zile nyeupe wodi huzitupa. Hizi ni mimi tu."

"Na ukinyamaza?"

"Daktari ataambiwa hakuomba. Ataenda."

"Na ukisema?"

Gisiri alitazama nyumba. Robi, binti yao wa mwisho, alikuwa kidato cha tatu Asumbi, na nusu ya karo ililipwa na misheni kwa sababu babake alikuwa mfanyakazi. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Hakujua kazi nyingine.

"Jiko linawaka," Jerusha akasema taratibu, bila kumwangalia. "Mimi sijasema kitu. Nasema tu linawaka."

Gisiri alikishusha kifurushi magotini. Aliufungua uzi, akaufunga tena.

"Haziwezi kuchomwa," akasema mwishowe. "Kwa upande huu mwingine kuna hesabu za oda tatu."

Jerusha alimkazia macho, halafu akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Nimeolewa na mtu gani, jamani! Watu watatoa kitanda chako nje, na wewe unaokoa kujumlisha!" Kisha kicheko kikaisha. Akaokota ungo wake. "Basi zipeleke. Lakini Alhamisi utavaa ile shati nyeupe. Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe ukiwa umepigwa pasi."

*

Kamati ilikaa chumba cha mikutano saa tatu asubuhi. Walikuwepo Sista Teresa, paroko aliyekuwa mwenyekiti, Daktari Bichage aliyekuwa daktari mkuu, Daktari Shamima na Dishon. Gisiri alikaa mwisho wa meza karibu na mlango. Katikati ya meza ilikuwepo barua ya katekista.

Sista alieleza. Kisha akamgeukia daktari kijana.

"Daktari, kwa nini hukuomba hizo sindano?"

"Niliomba, Sista."

"Lini?"

"Mara nyingi. Nilipoanza. Nikaambiwa hakuna."

"Una karatasi?"

"Sina. Fomu zikirudi tunazitupa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mtu akikwambia hakuna kila wiki, unafika mahali unaacha kuuliza. Unatumia kilichopo. Hilo ndilo kosa langu, na nalijua. Sikuwahi kutembea mpaka stoo nikauliza kwa nini."

"Stoo si kazi yako," Daktari Bichage akaingilia. Alikuwa mtu mzima, mpasuaji mzuri, asiyependa mikutano. "Sisi tulisomea kutibu watu. Kuhesabu pamba tuna mwenyewe."

Paroko akasema, "Basi tumsikie mwenyewe. Mzee Gisiri, kadi."

Gisiri alisimama. Aliweka kadi mezani, kisha kando yake akapanga bahasha kumi na moja, kila moja na tarehe yake juu, na ndani ya kila moja vipande vinne vya pinki.

"Kadi inasema hakuna aliyeomba," alisema. "Kadi haidanganyi. Lakini kadi haijui. Daktari aliomba mara kumi na moja. Hizi hapa. Muhuri ni wangu."

Sista alivaa miwani, akafungua bahasha ya kwanza, akaviunganisha vipande, akasoma. Akafungua ya pili. Alipofika ya tano akaacha.

"Na huku nyuma ni nini?"

"Hesabu za oda, Sista."

"Yaani uliandika oda juu ya…"

"Ndiyo, Sista. Oda ya kuongeza sindano kubwa. Hiyo hapo, bahasha ya nne."

Dishon aliivuta bahasha ya nne, akageuza vipande vyake kimoja kimoja.

"Ungeweza kunyamaza," Daktari Bichage akasema, kama mtu anayewaza kwa sauti.

"Ningeweza," Gisiri akajibu. "Lakini robo ijayo ningekata oda ile ile."

Walimtoa nje. Alikaa kwenye benchi chini ya mabati ya ukumbi kwa dakika hamsini na tano. Uamuzi ulikuja kwa barua kesho yake: onyo la mwisho kwa mtunza stoo, linalowekwa kwenye faili. Kazi abaki nayo, na nyumba. Mkataba wa daktari uendelee. Nakala ya barua ya onyo ilipofika stoo kama barua zote za ofisi, Gisiri aliitoboa na kuiweka kwenye faili la barua zilizoingia, kwa mpangilio wa tarehe. Paroko na Dishon walikwenda Lambwe kwa yule baba wakamweleza ukweli wote. Gisiri aliomba kwenda nao, akakubaliwa. Yule baba aliwasikiliza, akawapa viti na chai, akasema amesikia.

*

Jumatatu iliyofuata, saa nne na nusu, kwa mara ya kwanza tangu stoo ijengwe, daktari aliegemea ile kaunta.

"Mzee Gisiri, nimekuja kutazama tu," Daktari Shamima alisema. "Sikuja kugombana."

"Karibu, Daktari. Angalia ngazi, moja imelegea."

Alizunguka rafu zote saba, akigusa vitu. Alipofika kwenye sanduku la sabuni aliinama akasoma kadi moja moja, nyingine akizicheka, nyingine akizitoa na kuziweka kando bila kucheka. Zilizowekwa kando zilifika tisa.

"Hizi hazijalala," akasema. "Hizi zimezimia. Tunazitaka kila siku, tumechoka kuuliza."

Kisha akamweleza kuhusu duka la babake. Pale Migori, alisema, kuna daftari limefungwa kwa kamba kwenye kaunta. Mteja akiuliza misumari ya inchi sita na haipo, mzee Faruk anaandika: misumari ya inchi sita, na siku. "Akienda Kisumu kununua mali, habebi daftari la vitu alivyouza. Hivyo anavijua kwa kichwa. Anabeba la vitu alivyokosa."

Gisiri aliziweka sawa zile kadi tisa. "Na kama mteja anauliza kitu cha kijinga?"

"Basi mnakaa wawili mnaangalia. Wewe unajua kilichotoka. Mimi najua mgonjwa alitaka nini. Kila mmoja wetu ana nusu ya fomu, Mzee."

Kuanzia Julai kila oda ilikatwa na watu wawili. Sista alitoa agizo kwamba hasaini oda isiyo na saini ya daktari, na kwamba kadi hailazwi kabla daktari hajaulizwa. Gisiri alifungua daftari la kurasa mia mbili, akaandika juu yake HAKUNA, akalifunga kwa kamba kwenye kaunta.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa laini. Daktari Bichage alikataa kushiriki kwa miezi mitano, mpaka siku moja alipokosa uzi wa kushonea tumboni katikati ya upasuaji. Alikuja stoo na joho la theta likiwa na damu kukuta uzi mnene wa kutosha kushonea magunia, katoni tatu. Tangu siku hiyo hakukosa siku ya kukata oda, na alikuwa msumbufu kuliko wote. Gisiri naye aliumia. Kadi aliyoipenda kuliko nyingine ilikuwa ya dawa ya maji ya kikohozi, iliyojaa pande zote mbili, maana ilitoka kila siku ya Mungu. Daktari Shamima aliifuta kwa mstari mmoja.

"Lakini hiyo inatoka sana!" Gisiri alilalamika.

"Inatoka, ndiyo. Inakwenda wapi? Mimi siiandiki. Daktari Bichage haiandiki."

Ikagundulika kwamba Dishon ndiye aliyeiandika, na kwamba nusu yake ilinywewa na walinzi na wapishi kwenye chai, kwa utamu wake.

"Yawa, mmetuua," Dishon alisema. "Sasa walinzi wataanza kukohoa kweli."

*

Agosti 1997 redio ilianza kutangaza kwamba mvua zijazo hazitakuwa za kawaida. Watu wengi waliisikiliza kama wanavyosikiliza redio. Kwenye oda ya Oktoba, iliyokatwa mapema mwezi Septemba, Daktari Shamima alitaka bataflai mara nne ya kawaida, kwinini mara tatu, mifuko ya damu mara tatu.

Gisiri alishika kadi. "Daktari, mwaka jana msimu huu zilitoka sabini na tano tu. Hesabu haisemi mia tatu."

"Hesabu ni ya mvua ya mwaka jana."

Alikaa na kalamu yake juu ya karatasi. Katika miaka ishirini na moja hakuwa ameandika oda ya kitu ambacho hakijatokea. Kisha akaandika mia tatu, akasogeza karatasi, wote wawili wakatia saini.

Mvua ilianza Oktoba na haikuisha. Kufikia Januari barabara zilikuwa zimekatika sehemu nyingi, na gari la bohari lililotarajiwa tarehe kumi lilifika Februari ikielekea ukingoni. Watoto walilala wanne kitanda kimoja, wengine sakafuni, na wengine walikufa, kwa sababu walifika wamechelewa, au kwa sababu malaria ni malaria. Lakini bataflai hazikuisha.

Siku moja ya mwisho wa Januari mtu wa kubeba vifaa alikuwa mgonjwa, na fomu ya wodi ya watoto ilikuwa na alama ya haraka. Gisiri alifunga stoo, akabeba boksi mwenyewe hatua sitini na tatu. Wodini alisimama karibu na mlango asijue aliweke wapi. Kwenye kitanda cha kwanza Daktari Shamima alikuwa ameinama juu ya mtoto mdogo. Alifungua pakiti, akatoa sindano, akayakunja yale mabawa mawili kwa vidole, akaiingiza ubavuni mwa kichwa, juu ya sikio, kama mtu anayechomeka uzi. Kisha akayalaza mabawa juu ya ngozi na kuyabandika kwa plasta. Damu ikashuka kwenye mrija, ikapotea ndani ya mtoto.

Alipoinuka akamwona Gisiri bado amesimama na boksi.

"Mzee, vipi? Hujawahi kuziona zikifanya kazi?"

"Nimezihesabu tu," Gisiri alisema. "Kumbe mabawa ni ya kushikia."

Alikaa hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mama wa mtoto alimsogezea nafasi kwenye benchi, akidhani naye ana mgonjwa, naye akakaa. Kisha akamkabidhi nesi boksi, akangoja saini, akarudi stoo. Akatoa kadi. Akaandika: zilizotoka ishirini, zilizobaki mia moja na kumi na sita. Kadi ilikuwa imejaa pande zote mbili. Akachukua mpya, akaipigia mistari kwa rula, akaibana nyuma ya ile ya zamani, akafungua mlango. Nje nesi wa wodi ya akina mama alikuwa tayari amesimama na fomu mbili mkononi.